JE, MUNGU ANASOMA DAFTARI LETU?

Mara hii hatutaandika juu ya mpira wala juu ya mitihani. Tunataka kuandika juu ya daftari.

Wote mnalijua. Tangu mwanzo wa trimestri hii kikundi cha maombi kiko na daftari ambamo wanaandika majina ya wanaofika kwenye maombi ya saa kumi na moja asubuhi. Anayefika anawekewa msalaba mdogo mbele ya jina lake. Mwisho wa juma, majina ya wenye misalaba sita yanasomwa mbele ya wote, na ni kati yao wanachaguliwa watakaoongoza ibada ya Jumapili. Mwanzoni sisi wenyewe tulisifu jambo hili. Tena ni mmoja wetu aliyechora mistari ya ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo msiwaze kwamba tunamrushia mtu mwingine jiwe.

Sasa, imetokea nini? Watu wameongezeka, hiyo ni kweli. Zamani tulikuwa wanane ao kumi, leo chumba kinajaa. Lakini tuseme wazi yale tunayoyaona. Kuna wanaofika, na jina likiisha kuandikwa wanaegemea ukuta na kulala mpaka amina ya mwisho. Kuna anayeomba kwa nguvu hata koo linakauka, halafu akitoka pale anamsukuma mdogo wa darasa la kwanza kwenye foleni ya maji na kuweka bidoni yake mbele. Na kuna jambo lingine lililo baya kuliko hayo: tumeanza kuhesabiana. "Yule hana misalaba, bado hajaokoka." Neno hili lilisemwa mchana, watu wakingojea bugali, juu ya mwenzetu mmoja. Naye alikuwa pale, akasikia.

Juu ya huyo tutasema kidogo tu, bila jina, maana yeye mwenyewe alikataa. Yeye halali internati, anakaa kwa bibi yake aliye mgonjwa. Saa ile sisi tunapoomba, yeye anachota maji, anawasha moto, anamwosha bibi na kumpa uji. Anafika shuleni miguu imejaa matope, kwa maana mvua za hapa Mpofi mnazijua. Tulimwuliza: "Na wewe unaomba saa gani?" Akajibu: "Njiani." Basi, hakuongeza kitu. Sisi wenye misalaba sita tulibaki kuangaliana.

Bwana Yesu alipofundisha juu ya kuomba, katika Mathayo 6, alimtuma mtu aingie chumbani mwake na kufunga mlango. Katika Luka 18 anatuonyesha watu wawili hekaluni. Mmoja alikuwa na hesabu nzuri kabisa: anafunga mara mbili kwa juma, anatoa zaka ya mapato yake yote. Kama hekalu lingekuwa na daftari, huyu angekuwa na misalaba yote, na yule mtoza ushuru hata mmoja. Na sisi tunajua ni nani kati yao aliyekubaliwa na Mungu siku ile. Tumesikia hadithi hii tangu shule ya Jumapili mpaka tumeizoea, na kila mmoja anapoisikia anamtafuta Mfarisayo kwenye benchi la jirani.

Tuchukue mtu wa karibu. Huko Boga, katika Ituri, kuna kaburi la Apolo Kivebulaya. Alikuwa Muganda, tena alikuwa askari kabla ya kubatizwa mwaka 1895. Jina Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimwita hivyo juu ya koti jekundu alilopenda kuvaa juu ya kanzu yake. (Hata yeye, mnaona, alianza na nguo ya kuonekana!) Mwaka 1896 alivuka akaja Boga. Waalimu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka, kwa maana hawakutaka kulima na wenyeji hawakutaka kuwalisha. Apolo alishika jembe akalima chakula chake mwenyewe. Kwa watu wafugaji wa ng'ombe, mwalimu kushika jembe ilikuwa ni aibu. Yeye hakujali.

Halafu mateso yakaja. Chifu Tabaro hakumpenda. Dada wa chifu alianguka juu ya mkuki akafa, na Apolo akashtakiwa kwamba amemwua. Alipigwa, akafungwa minyororo, akapelekwa gerezani Fort Portal. Ilikuwa mwaka 1898. Humo gerezani, usiku, hapakuwa na kikundi wala kwaya, wala mtu wa kuandika kwamba Apolo ameomba. Ni humo alimwona Yesu aking'aa kama jua na kumtia moyo. Alipofunguliwa alirudi kule kule Boga alikopigwa. Na yule Tabaro baadaye alibatizwa, akaitwa Paulo.

Sisi tunaamini ya kwamba Apolo asingerudi kama kuomba kwake kungekuwa ni kwa mbele ya watu tu. Mtu aliyezoea kusifiwa, siku anapotukanwa hana tena sababu ya kuendelea. Apolo alifanywa kanoni mwaka 1922, naye aliendelea na watu wake wa Boga na wa msituni mpaka alipofariki tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kielekee mashariki. Yeye aliagiza chake kielekee magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya Injili huko haijaisha. Msitu ule ndio unaoshuka mpaka Walikale kwetu. Tukiwaza hivyo tunasikia haya kidogo juu ya misalaba yetu.

Mwalimu mmoja tuliyemweleza mawazo haya alitujibu: "Ninyi vijana, tukiondoa daftari mtalala wote." Hatuwezi kubisha sana. Usingizi wa saa kumi na moja ni mtamu, na baridi ya huku inajulikana. Tena si vibaya kuomba pamoja, kwa sauti. Wale wa Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda karibu na mwaka 1930 waliomba pamoja, waliungama dhambi mbele ya wengine, na watu walirudisha vitu walivyoiba. Hilo ni tunda, si kelele. Lakini hata kwao mambo yalikuwa magumu. Mwaka 1941, katika chuo cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa kati yao, kwa sababu ya mikutano yao ya alfajiri ambayo mkubwa wa chuo aliikataza. Wao walisema wanamtii Mungu. Wengine walisema wana kiburi cha kuwahukumu wenzao. Sisi hatukuwako, hatuhukumu. Tunaona tu kwamba kuamka mapema kuomba na kumdharau aliyelala vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, asubuhi ile ile.

Kwa hiyo tunajibu mwalimu wetu kwa heshima: tukilala, basi tulale. Afadhali tujue ukweli wetu. Ikiwa tutabaki tena wanane, wale wanane watakuwa wanaomba. Kengele ipigwe kama kawaida, mlango uwe wazi, taa iwashwe, anayetaka aingie. Lakini majina yasiandikwe, na yasisomwe mbele ya watu. Wa kuongoza ibada ya Jumapili wachaguliwe kwa zamu, darasa kwa darasa, hata yule asiyejua kuomba kwa maneno mengi. Pengine tutasikia sala fupi. Hiyo nayo haitatuua.

Jambo lingine, na hili linatuhusu sisi wa internati. Bibi wa mwenzetu yule bado ni mgonjwa. Tumepatana, sisi wanne, kwenda kuchota maji kule siku ya Jumanne na ya Alhamisi, ili yeye apate saa moja ya kusoma, kwa maana mwaka huu ana kazi nyingi ya hesabu. Tulisita kuandika habari hii hapa. Mmoja wetu alisema: "Tukiandika, tumejiwekea msalaba mwingine." Tulibishana jioni nzima. Mwisho tumeiandika kwa sababu wanne hawatoshi, kilima ni kirefu, na bidoni za lita ishirini si mchezo. Anayeweza kusaidia siku zingine aje aseme kwa sauti ya chini, majina yenu hatutayachapa.

Wasiokubali maneno yetu, hasa ndugu wa kikundi cha maombi, watuandikie. Barua ziletwe kwa mwakilishi wa darasa la nne kabla ya Ijumaa, nasi tutazichapa zote kama zilivyo, karatasi zikitosha.