Bustani ya muji si parseli ya mutu

Zamani bustani kubwa zilikuwa za wafalme. Kule Versailles, Ufaransa, André Le Nôtre alimupangia mufalme Louis XIV miti na maua kwa mistari ya kunyooka, ili kila mutu aone nguvu ya mwenye inchi. Kisha Waingereza wakaleta mutindo mwingine: majani, vilima na maji, kama vile hakuna mutu aliyevipanga. Lakini hata hizo zilikuwa za matajiri.

Mambo yakageuka mwaka 1847. Kule Birkenhead, Uingereza, wakafungua bustani iliyojengwa na pesa ya watu wote, na masikini akaingia bila kulipa. Mwaka 1850 Mumarekani Frederick Law Olmsted akaitembelea. Baadaye yeye na Calvert Vaux wakachora Central Park ya New York.

Sisi huku Bukavu tunarudi nyuma: cha wote kinageuka cha mutu moja. Penye kulikuwa miti, leo kuna parseli. Mvua ikinyesha, mulima usio na miti unashuka na nyumba za watu. Watoto wanacheza mupira mu barabara, katikati ya pikipiki.

Tunadai mambo tatu: orodha ya nafasi zote za raiya ibandikwe mbele ya meri, parseli mupya isikatwe ndani yake, miti irudishwe penye ilikatwa. Watatuambia pesa hakuna. Sawa, lakini kuacha kuuza kunaomba pesa gani?