Mhudumu wa Afya Naye Ni Mfanyakazi



Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi watu wa njia ya reli twalijua sana jambo hili, maana mara nyingi twakaa mbali na miji, na hospitali kubwa zimejengwa mijini.

Mwaka 2019 nilikuwa na gengi katika stesheni ndogo upande wa Ziwa. Usiku mmoja mtoto wangu alishikwa na homa kali, na mvua ilikuwa imekata barabara. Tulimwita mama mmoja wa kijiji kile, mhudumu wa afya wa kujitolea. Alikuja na taa yake, akampima mtoto kwa tone moja la damu ya kidoleni, akaona ni malaria, akampa dawa. Asubuhi akarudi kumtazama, akatuandikia karatasi ya kwenda zahanati. Mtoto yule yu hai na yumo shuleni.

Mwaka uliofuata mama huyo aliacha kazi. Hakuwa mvivu. Alikuwa akilipwa ahsante tu, na watoto wake walidaiwa karo. Akaenda mjini kufua nguo za watu, na maarifa yake yote akaenda nayo.

Wako wasemao kwamba kazi hii ni ya huruma, na mtu akilipwa huruma itamtoka. Si kweli. Muuguzi hulipwa, daktari hulipwa, hata kasisi hupewa chakula.

Tazameni mambo ya China. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa vijijini walifundishwa kwa miezi michache, wakarudi kwao kutibu magonjwa madogo na kuchanja watoto, huku wakiendelea kulima. Waliitwa madaktari pekupeku. Ujira wao ulitoka katika ushirika wa kijiji. Ushirika ule ulipovunjwa katika miaka ya 1980, ujira ukakatika, na wengi wakaacha kazi ingawa ujuzi walikuwa nao.

Hapa kwetu, mwaka 2023 Serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vipimo vya presha, sukari na joto la mwili. Kila mmoja alipangiwa nyumba zipatazo 100 za kutembelea. Ikatangazwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hiyo ni hatua njema. Lakini posho si mshahara. Ukiigawa kwa siku 30 haifiki shilingi 170 kwa siku. Nani kati yetu angeshika sururu kwa fedha hiyo?

Kwa maoni yangu yafaa mambo matatu. La kwanza, mhudumu achaguliwe barazani na wale atakaowahudumia, mtu akaaye palepale na ajuaye lugha yao, wala asiwe jina lililoletwa na mkubwa fulani. La pili, mafunzo yasiwe ya siku chache kisha basi. Mtu wa gengi huanza na sururu, naye akifundishwa aweza kuwa nyapara, hata mkaguzi wa njia. Vivyo hivyo mhudumu mwerevu afunguliwe mlango wa chuo, awe muuguzi au tabibu, kisha arudi kwao. La tatu, apewe mshahara wa kila mwezi, likizo, na nafasi ya kuwa na chama chake cha wafanyakazi.

Ndugu zangu, reli haitunzwi na mhandisi aliye Nairobi peke yake. Hutunzwa na mtu atembeaye juu ya mataruma kila asubuhi, akitazama kila msumari. Mtu huyo akiondoka kwa njaa, siku moja treni itaanguka. Afya ya vijiji ni hivyo hivyo.

Naomba tawi letu lilitie jambo hili katika mkutano ujao, na wakubwa wa chama walifikishe panapohusika. Aliyekuja usiku kwa mtoto wangu hakuuliza kama mimi ni mwenyeji au mgeni. Nasi tusiulize kama yeye ni wa chama chetu au la.

Mtu wa Njia