AFYA YETU: Usiache Pombe Peke Yako

Ndugu msomaji, mwezi huu tunazungumza na wewe unayetaka kuacha pombe. Tunazungumza pia na wewe mwenye mume, mke, kaka au mtoto anayetaka kuacha, lakini anashindwa.

Huku Nyanda za Juu Kusini pombe haiko mbali. Mvua zikinyesha, Iringa na Njombe wanagema ulanzi kwenye mianzi. Ukiwa mbichi ni mtamu. Ukichacha unalevya. Mbeya kuna komoni na kimpumu. Gongo inapikwa kwa siri, ingawa sheria inaikataza. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017. Lakini kiu ya mlevi haiondoki kwa tangazo.

Ulevi ni ugonjwa

Mtu mmoja hunywa siku ya sikukuu, na kesho yake anashika jembe. Mwingine akiamka mikono inatetemeka. Hatulii mpaka azimue. Ameapa mara nyingi kwamba anaacha. Jioni yuko kilabuni tena. Watu husema hana akili. Sivyo. Mwili wake umezoea pombe, na sasa unaidai. Ugonjwa huu una msaada.

Anza kwenye zahanati

Kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako. Siku mbili au tatu za kwanza zina hatari. Unaweza kutokwa jasho, kutapika na kukosa usingizi. Wengine huanguka kama wenye kifafa. Wengine huona vitu ambavyo havipo. Mtu anaweza kufa.

Kwa hiyo nenda kwanza zahanati au kituo cha afya. Usione haya. Sema hivi: "Mganga, nakunywa kila siku. Nataka kuacha. Naomba msaada." Ziko dawa za kuutuliza mwili siku hizo. Kazi ikizidi uwezo wao, watakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Kisha tafuta wenzako

Dawa hutuliza mwili. Lakini baada ya wiki moja utapita tena mbele ya kilabu, na rafiki zako watakuita. Hapo unahitaji watu wanaoijua vita hiyo.

Mwaka 1935 Mmarekani mmoja, Bill Wilson, alisafiri kikazi mpaka mji wa Akron. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Kazi yake ikaharibika, na kiu ikamrudia. Hakuingia baa. Alitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari mmoja, Robert Smith, aliyekuwa akinywa sana. Walizungumza kwa saa nyingi. Baada ya wiki chache daktari naye aliacha. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha Alcoholics Anonymous, au AA. Maana yake ni walevi wasiotajwa majina. Leo kina vikundi katika nchi nyingi duniani. Hapa Tanzania vipo Dar es Salaam na Arusha.

Katika kikundi hakuna ada. Sharti ni moja tu: uwe unataka kuacha pombe. Watu huketi pamoja. Kila mmoja hueleza habari zake mwenyewe. Hakuna anayemcheka mwenzake. Yanayosemwa pale hayatoki nje. Hawaapi kuacha maisha yote. Wanasema: leo sinywi. Kesho wanasema hivyo tena.

Wapi utaulizia?

Ukileta viazi au ndizi sokoni Soweto, Mbeya, tenga saa moja ya kuulizia. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, uulize wanaotibu magonjwa ya akili. Wewe uliye Iringa, uliza hospitali ya rufaa ya mkoa. Muulize pia afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako. Uliza kanisani au msikitini. Swali lako liwe fupi: "Je, kuna kikundi cha watu walioacha pombe? Wanakutana wapi, siku gani?"

Kama hakuna kikundi

Usikate tamaa. Kule Akron walianza watu wawili. Katika kijiji chako yuko mtu aliyeacha pombe, mwanamume au mwanamke. Mwendee. Mwambie: "Nami nataka kuacha. Tukutane."

Chagueni mahali mbali na kilabu. Chumba cha darasa kinafaa. Kutaneni jioni, saa ile ambayo kilabu hujaa, maana ndiyo saa ngumu. Kunyweni chai au togwa isiyochacha. Mmoja akikosa kufika, mwenzake aende nyumbani kwake kumjulia hali. Akianguka na kunywa tena, msimfukuze. Siku hiyo ndiyo anawahitaji zaidi.

Ewe mama au baba wa nyumba, usimtukane anayekwenda kikundini. Mwachie nafasi ya kwenda. Usimpe pombe "kidogo tu" siku ya harusi.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake?
2. Katika kijiji chetu ni nani aliyeacha pombe? Je, yuko tayari kuwasaidia wengine?
3. Wanaopika pombe ili wapate ada ya shule, tuwasaidie kupata kazi gani nyingine?