Redio ya babu haina zebaki, wacha kuivunja

Pengine nawe umetumiwa ile video kwenye WhatsApp. Mtu anafungua redio ya mbao ya kitambo, anachomoa kitu cha kioo kinachofanana na balbu ndogo, anakisogeza karibu na kamera na kudai kwamba ndani yake mna redi makyuri, yaani zebaki nyekundu, ambayo eti gramu moja tu inakutoa kwa umaskini. Video inafika Kitui, inavuka hadi Makueni, na kijana fulani anapanda bodaboda kwenda kwa susu yake Mutomo au Mbooni kuulizia ile redio iliyokaa juu ya kabati tangu mzee afariki.

Zebaki nyekundu haipo. Si ati ni adimu. Haipo kabisa. Mwaka 2009 uvumi huohuo ulivuma Saudi Arabia, ila huko ilisemekana imefichwa ndani ya cherehani za Singer, na watu wakanunua cherehani kuukuu kwa maelfu ya dola. Wajanja hawajabadilisha hadithi, wamebadilisha chombo tu. Na usidhani tapeli anakitaka hicho kioo chako. Anachotaka ni ile "ada ya kupima" utakayotuma kwa simu kabla "mnunuzi kutoka Dubai" hajafika. Hafiki, mazee.

Sasa ile rangi ya fedha inayong'aa kwenye kioo ni nini? Ni bariamu. Kiwandani hewa hunyonywa kutoka kwa kioo, halafu bariamu hupashwa moto hadi ipake ukuta wa ndani ili imeze hewa yoyote iliyosalia. Ikiwa bado inang'aa, hiyo ni dalili kwamba kioo hakijavuja. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na kitu hicho kimekufa. Hapo tayari umejifunza kipimo cha kwanza cha mtu anayekusanya valvu.

Ndiyo, valvu. Hilo ndilo jina lake. Kabla ya transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, karibu kila redio na amplifaya ilikuza sauti kwa valvu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na haya sikuyapata darasani. Nimeyapata kwa kukaa kwenye kibanda cha fundi wa redio hapa Kitui, mzee ambaye bado ana boksi zima la valvu chini ya meza. Wateja wanaleta simu na woofa. Boksi haliguswi.

Cha kwanza soma herufi, kwa sababu kwenye valvu za Ulaya herufi zinasema kila kitu. ECC83: E maana yake waya wa kupasha moto unatumia volti 6.3, C mbili maana yake kuna trayodi mbili ndani ya kioo kimoja. Wamarekani wanaiita 12AX7. EL84 ni ya nguvu, ile inayosukuma spika. Vox AC30, amplifaya ya gitaa ya Uingereza waliyoitumia Beatles, ina EL84 nne. Ikianza na D, kama DK96 au DL96, hiyo ilitoka kwenye redio ya betri, na ukiniuliza mimi, hizo ndizo za kwetu hasa. Stima ilichelewa sana kufika vijijini Ukambani, kwa hivyo mwenye redio ya valvu huko alihitaji betri ya volti 90 pamoja na nyingine ya volti 1.5. Betri hizo hazipo dukani tena, lakini betri kumi ndogo za volti 9 ukiziunganisha mfululizo unapata 90 zako.

Maandishi yakiwa yamefifia usikimbilie kusugua. Wino wa valvu hutoka hata kwa kidole, na ukishatoka umeua bei. Pumulia kioo kama unayesafisha miwani, mara nyingi jina hujitokeza kwenye ule ukungu. Halafu tafuta karibu na miguu yake msimbo mdogo uliochorwa kwenye kioo chenyewe. Kwa valvu za kundi la Philips na Mullard, mstari wa kwanza ukianza na I6 ni ECC83, na rX ni EL84. Mstari wa pili ukisoma, kwa mfano, B5F2, B ni kiwanda cha Mullard cha Blackburn, 5 ni mwaka (1955 au 1965, hapo utumie akili), F ni Juni na 2 ni wiki. Amini msimbo kuliko jina lililopigwa chapa, maana viwanda vilitengenezeana bidhaa na kubandika majina ya wengine. Telefunken nayo iliweka alama ya almasi chini ya kioo, katikati ya miguu.

Najua unachotaka kuuliza: chapaa ngapi? ECC83 nzuri ya Mullard huenda makumi ya dola, ya Telefunken yenye almasi wakati mwingine hupita mia moja. Zinatafutwa kwa sababu viwanda vilivyobaki duniani ni vya kuhesabu, hasa Urusi, Slovakia na China, na mwaka 2022 Urusi ilipozuia kuuza valvu zake nje, wapiga gitaa walihangaika kweli. Lakini valvu nyingi utakazozikuta kwenye redio za kawaida, ECH81, EBF89, zile DK96, ni za dola chache tu. Hutajenga nyumba Wote kwa DK96. Redio nzima inayoimba ina maana zaidi kuliko vipande vyake, na ikiwa nyumba hiyo bado ina santuri za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, bana, unataka kuuza nini tena?

Kinachoniudhi zaidi ya wale wa zebaki ni sisi vijana tunaojua. Unamwendea mzee, unamwambia "hii ni takataka, chukua mia mbili", kisha unaenda kuitangaza mtandaoni kwa elfu ishirini. Huo ni utapeli uleule, umevaa nguo safi. Mwambie mzee ni nini na inaweza kwenda kiasi gani, mkubaliane mgao. Akikataa kuuza, muombe akuruhusu kupiga picha za valvu na bamba la nyuma, basi. Yake ni yake.

Na tafadhali usiichomeke ukutani kuona kama inawaka. Kapasita za karatasi zilizokaa miaka hamsini huvuja, na zinaweza kuchoma transfoma siku hiyohiyo. Fundi huiunganisha kwanza kupitia balbu ya kizamani ya waya, ikiwaka sana anajua kuna shida kabla moshi haujatoka. Valvu zake zikianza na U, kama UCH81 au UL84, ongeza uangalifu: nyingi ya redio hizo hazina transfoma, kwa hivyo bamba lake la chuma linaweza kuwa na volti 240 za ukutani likikusubiri. Hata ukishaichomoa, kapasita hubaki na umeme wa kukurusha. Chomoa, ngoja, umwite fundi azitoe chaji, ndipo uguse valvu. Unapoichomoa, shika chini karibu na miguu, itikise taratibu huku ukiivuta ikiwa imenyooka, na uifunge kwa gazeti moja moja. Andika kwenye kila gazeti ilitoka tundu gani, ili irudi palepale.