Mazungumzo ya Nyumbani: Mzigo wa Mawazo

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya mgeni aingiaye katika kila nyumba bila kubisha hodi, naye ni masumbuko ya moyo. Hatusemi juu ya misiba mikubwa, kama kufiwa au kuunguliwa nyumba, maana hayo majirani huyaona, wakaja kutufariji. Twasema juu ya masumbuko ya kila siku, ambayo kila moja peke yake mtu aweza kulichukua, lakini yakikusanyika humwelemea hata asijue lililo zito ni lipi.

Twamjua fundi seremala mmoja, mtu mpole, asifiwaye mtaani kwake kwa kazi njema. Jioni moja mtoto wake wa miaka sita aliangusha kikombe kikavunjika. Yule baba akaruka kitini, akampigia mtoto makelele hata majirani wakachungulia. Mtoto akajificha nyuma ya mlango akilia. Baba naye akatoka akaketi nje gizani, kwa kuwa aliona haya.

Mkewe alijua ya kuwa kikombe si sababu. Wiki tatu zilikuwa zimepita mumewe asilale sawasawa. Saa tisa za usiku yu macho, akitazama dari. Chakula hakimpendezi. Simu ikilia, hushtuka kama aliyeguswa na moto. Na kila alipomwuliza, "Mume wangu, una nini?" jibu lilikuwa lile lile: "Sina neno."

Wasomaji wetu, ni wangapi katika sisi waliokwisha kujibu hivyo hivyo, hali maneno yamejaa tele kifuani?

Kwanza yafaa tujue ya kuwa mtu kama huyu hana roho mbaya, wala si mvivu. Mwili wake wafanya kazi ulioumbiwa, ila waifanya pasipo kupumzika. Mwaka 1915 mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Cannon wa chuo kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kuonyesha jinsi hofu na hasira zigeuzavyo mwili. Mtu akikutana na nyoka njiani, tezi mbili zilizo juu ya mafigo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Mara moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, damu hukimbilia kwenye misuli, na tumbo hupunguza kazi yake, ili mtu apate nguvu za kupigana au za kukimbia. Tena mwaka 1936, Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Montreal nchini Kanada, aliandika ya kuwa panya waliosumbuliwa kwa njia mbalimbali, wengine kwa baridi, wengine kwa dawa kali, wengine kwa kuchoshwa kupita kiasi, wote walionyesha dalili za namna moja katika miili yao. Yaani masumbuko yaweza kuwa mengi, lakini mwili huyajibu kwa njia moja.

Sasa angalieni tofauti. Nyoka hupita, na mwili ukatulia. Deni halipiti kama nyoka. Hulala nawe kitandani, likaamka nawe asubuhi. Basi mwili hukaa tayari kwa vita mchana na usiku, wala vita haviji. Ndipo usingizi hupotea, kichwa huuma, tumbo huchafuka, hasira huwa karibu, na kikombe kimoja kikivunjika huonekana kama nyumba nzima imeanguka.

Mambo haya si ya kwetu tu. Watu wa Zimbabwe, wasemao lugha ya Kishona, wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza mno. Nasi twasema, "Fulani ana mawazo," na kila asikiaye hufahamu ya kuwa si mawazo ya kawaida. Katika nchi hiyo watu wameonyesha njia ya kuupunguza mzigo huu, nasi twaona ni vema kuisimulia, kwa kuwa haihitaji mali nyingi.

Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo ilibomoa nyumba na vibanda vya biashara vya watu wengi mijini. Umoja wa Mataifa ulimtuma Mtanzania, Mama Anna Tibaijuka, kwenda kuangalia, na taarifa yake ilisema ya kuwa watu wapatao 700,000 walipoteza makao yao, au riziki yao, au vyote viwili. Pigeni picha mioyoni mwenu mlima wa masumbuko ulioachwa nyuma! Na madaktari wa maradhi ya akili walikuwa wachache sana. Mmoja wao, Dixon Chibanda, ameeleza hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa wake, kijana wa kike, aliyejiua mwaka huo wa 2005. Alikuwa amepaswa kurudi hospitali, lakini jamaa zake walikosa dola 15 za nauli.

Daktari huyo akatambua ya kuwa haifai kungoja wagonjwa wamfuate hospitalini. Msaada ndio uwafuate watu walipo. Mwaka 2006 akaanza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Hakupewa madaktari, wala wauguzi, wala chumba. Alichopewa ni akina bibi 14, waliokuwa wakifanya kazi ya afya katika mtaa ule. Basi wakaweka benchi la mbao nje ya zahanati, chini ya mti. Wahenga hawakukosea waliposema: Penye wazee haliharibiki neno. Kwa maana daktari alitaka kuliita benchi la afya ya akili, na akina bibi wakakataa, wakisema ya kuwa kwa jina hilo hakuna atakayethubutu kuketi. Wakaliita Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mashauri. Jina hili halimtii mtu aibu, kwa maana kila mtu huhitaji shauri.

Mgeni akifika huulizwa maswali 14 juu ya wiki ile iliyopita. Je, amewaza mno? Amekosa usingizi? Amekasirika kwa jambo dogo? Bila shaka fundi wetu angalijibu ndiyo mara nyingi. Kisha bibi hukaa naye kwa muda wa robo tatu za saa hivi, na mikutano yao huwa kama sita. Kazi yao ina sehemu tatu. Ya kwanza waiita kufungua akili: mgeni husema yote yamsumbuayo, na bibi husikiliza, kisha huyahesabu, na katika yote mgeni mwenyewe huchagua moja tu, wakatafuta pamoja jambo liwezekanalo kufanyika. Ya pili ni kuinua moyo, na ya tatu ni kuutia nguvu. Akirudi, bibi humwuliza lile jambo limefika wapi. Baadaye hukaribishwa katika chama cha wenzake waliopitia benchini, wakafuma mifuko kwa mikono na kuzungumza.

Labda msomaji atasema, "Haya ni maongezi tu ya wazee." Nao wataalamu hawakutaka kuamini bila kupima. Kuanzia mwaka 2014 hata 2015 walichukua watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Katika nusu ya zahanati hizo watu walipelekwa benchini, na katika nusu ya pili walipata matunzo ya kawaida pamoja na mafundisho kidogo. Baada ya miezi sita, katika wale wa matunzo ya kawaida, watu kama 50 katika kila 100 walikuwa na dalili za ugonjwa wa huzuni uitwao sonona. Katika wale wa benchini walikuwa kama 14 tu katika kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwezi wa Desemba mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Baadaye kazi hii ilifika Malawi, na hata kwetu Zanzibar.

Basi turudi kwa fundi wetu. Mkewe hakumgombeza kwa ajili ya mtoto, wala hakuitangaza habari kisimani. Alimwalika shangazi ya mumewe, mwanamke mzee asiyejua kusoma, wala hajapata kusikia habari za Harare. Jioni alipofika, yule fundi akamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Njoo ukae nami hapa barazani." Akatia mkono katika ungo wa mahindi, akasema, "Nitajie lililo moyoni mwako, na kila jambo nitaliwekea punje moja."

Mwanzo fundi alicheka. Kisha akaanza kutaja. Deni la mbao. Karo ya binti aliye shule ya bweni. Mguu wa mama yake usiopona. Mteja aliyechukua kabati asilipe. Paa livujalo. Alipofika mwisho palikuwa na punje nane juu ya mkeka. Akazitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Shangazi, mimi nilidhani ni mia."

Yule mzee akasema, "Shika moja." Akashika punje ya deni la mbao, maana kwa ajili yake alikuwa akizunguka njia ya mbali kila siku, asije akaonana na mwenye mbao. "Kesho ufanye nini?" akaulizwa. Akafikiri, akajibu, "Niende mwenyewe kabla hajaniita." Akaenda. Mwenye mbao alinung'unika, lakini wakapatana alipwe kidogo kidogo kila Jumamosi. Usiku ule fundi alilala hata kulipokucha, na asubuhi akamwita mtoto wake, akamwomba radhi kwa habari ya kikombe.

Hatutaki kuwadanganya. Punje saba zilibaki, na paa lilivuja mvua iliyofuata. Benchi halilipi deni, wala shangazi halipi karo. Lakini mtu aliyelala aweza kufikiri, na aliyezihesabu shida zake ajua aanzie wapi. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu wayashike mambo machache. La kwanza, mtu akikwambia yaliyo moyoni mwake, msikilize hata mwisho. Usimkate maneno, wala usimwambie, "Wenzako wana makubwa kuliko hayo," kwa maana neno hilo hufunga mlango, na mlango huo haufunguki tena upesi. La pili, funga kinywa chako. Siri ikitoka barazani, hakuna atakayeketi hapo mara ya pili. La tatu, usitoe amri. Shauri alilochagua mwenye shida ndilo atakalolitenda; uliloamuru wewe ataliacha njiani. La nne, chagueni jambo moja, dogo, la wiki hii, mkalitajie siku yake. Kisha ulizaneni habari.

Na katika siku za kungoja, mwili nao uhurumiwe. Kulala na kuamka kwa saa zile zile, kutembea kwa miguu, na kuvuta pumzi polepole moyo ukienda mbio, hayo yote hufaa. Pombe haifai. Humletea mtu usingizi upesi, kisha humwamsha katikati ya usiku, na deni likawa limeongezeka.

Akina baba, twasema nanyi hasa. Wengi wetu tumefundishwa tangu utoto ya kuwa mwanamume hasemi maumivu yake. Lakini asiyeyasema kwa kinywa huyasema kwa mkono, na wanaoyasikia ni watoto. Mficha maradhi kifo humwumbua. Tena mkumbuke ya kuwa mama wa nyumba naye ana punje zake, pengine nyingi kuliko zako, na labda hajapata kuulizwa hata siku moja.

Neno moja la mwisho, nalo ni zito. Mtu akisema ya kuwa afadhali afe, au akisikia sauti wasizozisikia wengine, au akiacha kula na kuoga siku nyingi, msimfanyie mzaha, wala msidhani mazungumzo yatosha. Msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku iyo hiyo. Hata wale akina bibi wa Mbare hufanya hivyo, wala hawaoni haya kusema, "Hili limepita nguvu zangu."

Basi, wapenzi wetu, leo jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, tandikeni mkeka. Mwangalie ni nani katika nyumba yenu ajibuye kila siku, "Sina neno." Mketi karibu naye, msiwe na haraka.

Kwa herini hata mwezi ujao, tukijaliwa.