Damu Mbaya ni ya Nani?

Mtoto akipatikana na selimundu, kikao huitwa haraka: mama ndiye ameleta damu mbaya, kwao kuna laana. Hiyo stori iishe.

Mwaka 1949, Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, jeni ya selimundu ilikuwa tele. Nyanda za juu, kwenye baridi na mbu wachache, ilikuwa adimu. Mwaka 1954 akachapisha jibu: nakala moja ya jeni hiyo humpa mtoto kinga dhidi ya malaria. Nakala mbili ndizo humletea ugonjwa.

Hayo ndiyo mageuzi ya Darwin, yako ndani ya mishipa yetu. Shuleni mimi nilikaririshwa nondo wa Uingereza tu.

Sasa piga hesabu. Nakala mbili: moja ya mama, moja ya baba. Kwa hivyo, bro, kabla hujamrudisha mkeo kwao, nenda upimwe na wewe. Hiyo damu unayoitukana huenda ndiyo iliyomwokoa babu yako.