Nguzo za Bujumbura zipimwe kwa kusukumwa pia

Mwenye ghorofa jipya kando ya Ziwa Tanganyika akiulizwa juu ya msingi wake, mara nyingi hujibu kwa kutaja kina: nguzo za zege zimezamishwa meta kadhaa, basi jengo litatulia. Jibu hilo lingetosha kama mzigo ungetoka juu peke yake. Kwa Bujumbura sivyo.

Sehemu kubwa ya mji wa chini imekaa juu ya mchanga na udongo ulioletwa na mito kama Rusizi, Ntahangwa na Muha. Nguzo iliyozamishwa mchangani hubeba uzito kwa njia mbili: mchanga unaoibana ubavuni, na ule ulio chini ya ncha yake. Lakini ikisukumwa ubavuni na mafuriko au tetemeko, kinachoizuia hasa ni mchanga wa juu, karibu na uso wa ardhi. Kina kile cha kujivunia husaidia kidogo tu. Tena nguzo ikishainama, uzito wa jengo lenyewe unazidi kuipinda. Ndiyo maana kupima uzito peke yake, kisha msukumo peke yake, ni kujidanganya.

Na mchanga huo wa juu ndio unaoharibika kwanza. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena 2024, wengi tulitazama nyumba zilizofurika Gatumba na Kajaga. Chini ya ardhi nako mambo yalibadilika. Mchanga ukizama majini, uzito wake unaobana hupungua karibu nusu, na nguvu yake ya kuishika nguzo hupungua pia. Mitoni, mkondo unachimbua miguu ya madaraja, na wachimba mchanga wa kuuza wanausaidia. Sisemi waache riziki yao, ila wasichimbe chini ya daraja.

Tupo pia kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga eneo la ziwa hili, likasikika hadi Nairobi. Huko Niigata, Japani, Juni 1964, mchanga uliojaa maji ulitikiswa ukawa kama uji. Daraja la Showa, lililosimama juu ya nguzo za chuma na kukamilika mwaka huo huo, lilianguka mtoni.

Wanaotoa vibali wadai mambo mawili. Kwanza, hesabu ya msingi ichukue maji yakiwa kwenye kimo cha mwaka 2024, wala si ya kiangazi. Pili, baadhi ya nguzo zisukumwe kwa jeki huku zimebebeshwa uzito, kabla ujenzi haujaendelea. Nitaambiwa ni gharama, na ni kweli. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa sidai hayo. Nadai kwa maghorofa, madaraja na gati za bandari.